Je, Ndege Wapewe Kona ya Shamba?



Mvua zilipoanza, watoto wa shule ya Jumapili waliomba kipande cha ardhi nyuma ya kanisa, hatua sita kwa nne, kisilimwe mahindi. Walitaka kupanda maboga na alizeti, kuacha nyasi zikue pembeni, na kuweka sahani ya maji kwa ajili ya ndege. Baada ya ibada mama mmoja alisimama akauliza mbele ya wote: "Watoto wetu wanalala na uji mtupu, nanyi mnawalimia ndege?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Swali lake ni la haki, wala hatutaki kulizima kwa mstari wa Biblia. Tangu 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kugawa msaada kwa viwango kulingana na uhitaji, nyumba nyingi zimepungukiwa, na nyingine zimekatwa kabisa. Kila mstari wa mahindi unahesabiwa.

Lakini tukumbuke tulikopitia. Sisi tuliovuka Busia mwanzoni mwa 2008, tukikimbia machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya, baadhi yetu tulipokewa kwanza Buhehe na jamaa za Wasamia, ambao wako pande zote mbili za mpaka. Baadaye tukapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, Tororo, na mwaka uleule tukaletwa hapa Kiryandongo. Kule Buhehe bibi aliyetupokea alikuwa na shamba dogo, hata hivyo ukingoni aliacha kichaka na mti wa siala wenye maua ya manjano. Watoto wetu walikuwa hawasemi. Walikaa tu. Kilichowafungua midomo hakikuwa maombi yetu (tunakiri), bali chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, aliyekuja kunyonya maua. Mtoto mmoja alianza kuhesabu safari zake. Jioni akatutajia idadi, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu tuvuke.

Tulipopewa viwanja hapa tulifyeka. Tulihitaji kuni na nguzo, kwa hiyo hatujilaumu sana. Ila watoto waliozaliwa hapa wamekua na manati mkononi, na bundi hupigwa mawe eti analeta kifo, ilhali ndiye anayekula panya wanaomaliza mahindi yetu.

Tena, boga lenyewe linamjibu mama yetu kwa sehemu. Mmea mmoja una maua dume na maua jike. Lile jike lina kiboga kidogo chini yake. Hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Nyuki asipopita katika saa hizo chache, kiboga kinageuka manjano na kuanguka. Watoto wameliona hilo kwa macho yao, na sasa wanawahi shambani kabla ya shule. Torati nayo, katika Kumbukumbu 22, inakataza kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Na Walawi 19 inataka pembe za shamba zisivunwe, zibaki kwa maskini na mgeni. Wageni ni sisi, tunaokula pembe za wengine.

Mzee mmoja alitupinga kwa njia nyingine. Alisema, ukimfundisha mtoto kupenda mti, siku akihamishwa atalia mara mbili. Yeye aliacha miparachichi yake nyumbani na hadi leo hapendi kuitaja. Hatuwezi kumwambia kwamba amekosea. Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wapande bustani, naye alijua kwamba siku moja wataziacha. Atalia, ndiyo. Lakini mtoto asiye na cha kulilia, tumemlea kwa kitu gani?

Kikao cha wazee kimepunguza kona hadi hatua tatu kwa nne. Maboga yatakayopatikana yatagawiwa nyumba zilizokatwa msaada, na manati hayataingia kwenye uwanja wa kanisa. Mama yule bado hajaridhika. Ameomba jambo hili lirudishwe kikaoni baada ya mavuno. Litarudishwa.