Akiba ya Umeme na Haki ya Jirani

Katika masuala ambayo dini na falsafa zimeyajadili tangu kale, ni machache yaliyo karibu na kizingiti cha nyumba kama suala la akiba: mtu ana ruhusa ya kujiwekea kiasi gani, yeye na ahali zake, ilhali jirani yake hana kitu? Suala hilo lilijadiliwa juu ya nafaka, juu ya maji, juu ya dhahabu na fedha. Na katika miaka hii ya karibuni limetufikia sisi wa nyanda za juu za Ufipa kwa sura mpya, yaani kwa lile sanduku la betri lenye mpini wa kubebea, ambalo mtu hulinunua kwa mamilioni ya shilingi, akalijaza umeme wa Luku au wa sola, akaliweka pembeni mwa sebule, na siku umeme unapokatika na mtaa mzima ukawa kiza, nyumba yake yeye ikabaki na nuru. Nami ninalo sanduku hilo, na kwa kuwa ninalo sina budi kuuliza: je, umeme uliomo ndani yake ni wa nani?

Hapa Sumbawanga swali hili halikuzuka kwa anasa. Mji wetu ulikaa miaka mingi nje ya Gridi ya Taifa, ukitegemea mitambo ya mafuta pamoja na umeme ununuliwao Zambia na kuletwa kwa njia ya Mbala, hata ukame wa bonde la Zambezi, lililo mbali na mashamba yetu, ukawa jambo la kutuhusu. Na mwaka 2024, maji ya bwawa la umeme la Kariba yalipopungua mno na serikali ya Zambia ikatangaza ukame kuwa janga la taifa, ilidhihiri jinsi ilivyo hatari kwa mji kutegemea ziada ya mwenzake ambaye mwenyewe hana. Njia ya msongo wa kilovolti 400 ilikusudiwa kutoka Iringa, kupita Mbeya na Tunduma, hadi huku kwetu, nayo mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ina uwezo wa megawati 2,115; lakini hata umeme ukiwa mwingi kiasi hicho, waya ni waya, na mvua zetu za Novemba mpaka Aprili huja na radi na upepo. Tena msimu huo ndio ambao mawingu hulifunika jua siku kucha, paneli za sola zikapokea kidogo, hata mwenye sanduku asiweze kulijaza kwa wepesi aliouzoea wakati wa kiangazi. Yaani haja ya jirani huwa kubwa kabisa siku ile ile ambayo akiba yangu ni ndogo kabisa. Laiti mambo yangekuwa kinyume cha hivyo, kusingekuwa na suala la kujadiliwa.

Kabla ya kutoa hukumu yapasa tujue kitu chenyewe. Sanduku la kadiri hubeba uniti mbili, kwa hesabu ile ile tuijuayo ya Luku. Ndani yake, aghalabu, mna betri ya lithiamu, chuma na fosfeti, namna iliyovumbuliwa katika maabara ya John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990, nayo haina kobalti, haishiki moto upesi, na hustahimili kujazwa na kutumiwa mara elfu kadhaa kabla ya kuchoka. Kisha mna inveta, igeuzayo umeme wa betri ukawa kama ule wa ukutani. Uniti mbili hizo, ukitoa kidogo kinachopotea katika inveta, huwasha taa ya wati 10 kwa zaidi ya saa 150, au hujaza simu zaidi ya mia moja. Lakini pasi ya wati 1,000 huzimaliza kwa muda usiotimia saa mbili. Basi saa moja ya kunyoosha nguo zangu ni sawa na simu zaidi ya hamsini za watu wa mtaa. Naisisitiza hesabu hii kwa sababu mtu asiyeijua hawezi kujua anachotoa wala anachonyima, na ukarimu usiojua kipimo huishia katika majuto.

Wazee wetu walikuwa na desturi ya kupalia moto. Aliyezimikiwa na moto alikwenda kwa jirani na kigae mkononi, akapewa kaa, akarudi kuwasha jiko lake. Na kumnyima mtu moto lilikuwa jambo la fedheha. Desturi hiyo ina nguzo katika sheria ya Kiislamu, kwani katika hadithi alizozipokea Abu Dawud imo ile isemayo kwamba Waislamu wana ushirika katika maji, malisho na moto. Mafakihi walipoifafanua walitenga mambo mawili kwa uangalifu unaostahili kusifiwa: walisema kwamba mwenye moto hana haki ya kumzuia mtu asiote joto lake, wala asione njia kwa mwangaza wake, wala asiwashie taa katika mwali wake, kwa maana hayo hayampunguzii kitu; lakini kaa lenyewe, kwa kuwa ni kuni zake alizozichanja au kuzinunua, ni mali yake, na mtu hulichukua kwa idhini.

Kwa kipimo hicho, umeme wa sandukuni ni kaa, si mwali. Kila simu ya jirani niijazayo hupunguza saa za taa yangu, wala hapana hila ya kulikwepa jambo hilo. Hata hivyo nuru ya taa ikiisha kuwashwa hurudi kuwa mwali: taa niliyoitundika barazani humwangazia mpita njia bila kunigharimu zaidi ya ninavyojiangazia mwenyewe, na meza anaposomea mwanangu yaweza kuzungukwa na watoto wa nyumba tatu, wala betri isijue kama kuna mtoto mmoja au saba. Katika sehemu hii sioni nafasi ya shaka. Kuifungia nuru ndani, kwa kuteremsha pazia ili mtaa usijue kwamba unayo, ni kuwanyima watu kile ambacho kuwapa hakukupunguzii chochote, na dini zote mbili tulizo nazo hapa, Uislamu na Ukristo, zalichukia jambo hilo; Sura ya Maun katika Kurani yawakemea wasalio kwa kujionyesha ilhali wanazuia hata msaada mdogo, na wafasiri waliposhuka kwenye mifano walitaja chungu, shoka na ndoo.

Ugumu uko kwenye kaa. Mwenye kutaka kujitetea ataleta kisa cha wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, ambamo wale watano wenye busara walikataa kuwagawia wenzao mafuta wasije wakakosa wote, wala hawakulaumiwa kwa kukataa. Nimewasikia watu wakikitumia kisa hicho kama hati ya kumiliki. Lakini mababa wa Kanisa hawakukisoma hivyo: Yohane Krisostomo alisema mafuta yale ni sadaka kwa maskini, na Agostino akasema ni upendo wenyewe. Ikiwa ni hivyo, mafuta hayagawanyiki kwa sababu hapana mtu awezaye kumpa mwenzake, saa ya mwisho, sadaka ambayo mwenzake hakuitoa alipokuwa na wasaa; na anayekitaja kisa hicho ili asitoe amejihesabu, pasipo kujua, katika wale watano ambao taa zao zilizimika.

Upo mfano mwingine ufaao zaidi, nao ni wa nabii Yusuf, ambaye Biblia na Kurani zote zamsifu kwa tadbiri yake ya kuweka nafaka miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa. Sisi wa Rukwa tunamwelewa vizuri, maana mkoa wetu umekuwa miongoni mwa ghala za mahindi za nchi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake hapa Sumbawanga; hapana mkulima wa Ufipa atakayekwambia kwamba kuweka akiba ni dhambi. Ila msomaji na aendelee mpaka sura ya 47 ya Kitabu cha Mwanzo, aone jinsi nafaka ile ile iliyookoa roho za watu ilivyouzwa hata ikawamaliza fedha, kisha mifugo, kisha mashamba, mwisho nafsi zao zikawa za Farao. Akiba iliyo halali yaweza kuwa mlango wa utumwa endapo mwenye nayo ataipandisha bei kadiri haja ya watu inavyozidi. Kuchaji simu kwa malipo ni biashara kama biashara nyingine. Kuongeza malipo usiku wa kiza ndiko kuhodhi, na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba mwenye kuhodhi ni mkosefu.

Wala asiseme mtu kwamba kitu hicho ni jasho lake peke yake. Lithiamu ni ya ardhini, na mojawapo ya hazina zake kubwa duniani imelala Manono, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Elimu ya kuitengeneza ilipita mikononi mwa watu wasiohesabika. Jua lilijazalo sanduku halikuwahi kumlipisha mtu. Na chuma, kama kile kilichomo ndani yake, mababu wa Kifipa walikiyeyusha katika matanuri marefu ya udongo, ambayo magofu yake yangali katika nyanda hizi, kwa kazi ya mikono mingi. Tomaso wa Akwino alilisema jambo hili kwa insafu: kwamba mtu yuko huru kumiliki na kusimamia kitu kiwe chake, lakini katika kukitumia yampasa akihesabu kuwa cha wote, awe tayari kukitoa palipo na dharura. Kwa hiyo nasema kwamba mgonjwa, mzazi mwenye uchungu, na simu ya kumwita mganga, hivi vina haki iliyotangulia televisheni yangu, friji yangu na pasi yangu. Na yaliyobaki baada ya hapo ni ihsani, ambayo mtu husifiwa akiitenda wala halaumiwi akiiacha.

Lakini lipo deni zito zaidi, nalo ndilo linalonikosesha raha. Mwalimu Nyerere, katika maandiko yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, alieleza kwamba katika jamii iliyopangwa vyema mtu aliye tayari kufanya kazi hana haja ya kuihofia kesho kwa kuwa hakujilimbikizia mali leo. Sanduku la betri ni ushahidi kwamba hofu hiyo tunayo. Hilo peke yake si kosa la aliyelinunua. Kosa huanza pale anapokwisha kulinunua akaacha kuhisi umeme unapokatika. Maana watu wenye uwezo wa kulinunua ndio aghalabu wale ambao sauti zao husikilizwa, walimu wakuu, wafanyabiashara, makasisi, mashehe na wakubwa wa ofisi, na wao wakinyamaza kwa kuwa nyumbani mwao mna nuru, mtaa umepoteza wasemaji wake. Kumnyima jirani chaji ya usiku mmoja ni uchoyo mdogo. Kumwachia kiza cha miaka kwa sababu hakinigusi tena ni dhuluma, ijapokuwa hapana mahakama iwezayo kunishitaki kwayo.

Basi ewe uliye nalo sanduku hili, usiingoje radi ya kwanza ndipo uanze kupima moyo wako. Tenga tangu sasa fungu la umeme usiloligusa kwa haja zako, uwaambie majirani kwamba lipo na ni kwa dharura gani. Washa taa ya baraza. Na mkutano wa mtaa ukiitishwa juu ya nguzo na nyaya, fika mapema, ukae mbele, useme kama mtu ambaye nyumbani kwake hamna taa.