Kujinyima Kwangu Kulimnyima Nani?



Machi 2025 Kwaresima na Ramadhani vilikutana. Mimi nilikuwa kwenye mwaka wa kichungaji hapa Tanga, nafundisha sekondari. Ijumaa moja jioni walimu wenzangu wakaniambia, "Frateri, leo twende Ngamiani, tukafuturu pamoja."

Kwa asiyepafahamu, Ngamiani ni ile mitaa ya Tanga ambayo barabara zake huitwa kwa namba. Mwezi wa Ramadhani, jua likikaribia kuzama, masufuria hupangwa kando ya njia: mihogo ya nazi, magimbi, tambi, sambusa, uji wa pilipili manga. Na moshi wa mishkaki juu ya yote.

Adhana ikasikika. Mwalimu wetu wa Hesabu, ambaye ni Mwislamu, akashika tende. Kabla hajaitia mdomoni, akanisogezea sahani ya mishkaki aliyoilipia yeye. "Karibu, Frateri."

Nikajibu kwa sauti, wote wasikie: "Hapana! Leo Ijumaa, nimefunga. Sisi hatuli nyama!"

Kukawa kimya. Akairudisha sahani taratibu. Kusema ukweli, nilijiona bonge la mtakatifu. Mama muuzaji ndiye aliyevunja ukimya: "Si ungesema tu, mwanangu. Hata sie twafunga. Haya, shika muhogo na samaki."

Usiku usingizi ukagoma. Mchana ule nilikuwa nimekula wali maharage nikashiba. Mwenzangu hakuonja hata maji tangu alfajiri, na joto la Tanga mnalijua. Halafu mimi ndiye niliyetangaza kwamba nimefunga! Tena kwa sheria ya Kanisa, siku za kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Ijumaa nyingine za Kwaresima tunajinyima nyama tu.

Je, nilikosea kuikataa ile nyama? Frateri mmoja aliniambia ningekula tu, maana upendo unazidi sheria. Sikukubaliana naye. Kumpenda mtu hakunidai nifiche imani yangu, na aliyeshika funga yake kutwa nzima angekuwa wa kwanza kuiheshimu yangu. Kosa lilikuwa katika namna.

Aristotle anafundisha kwamba haitoshi kufanya jambo jema. Lifanywe kwa wakati wake, kwa mtu wake na kwa namna inayofaa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anakwenda mbele zaidi: upendo ndio unaozipa fadhila zote umbo lake. Mambo haya niliyajibu vizuri kwenye mtihani, jamani. Mbele ya sahani ya mishkaki nikafeli. Na Yesu, katika Mathayo sura ya 6, anawaonya wanaofunga ili waonekane. Siku zote nilidhani anawasema watu wengine.

Jumatatu nikamwomba radhi. Akacheka: "Frateri, mie nilidhani umeona imeungua!"

Ijumaa iliyofuata tulirudi Ngamiani, nikanunua pweza wa kututosha wote. Safari hii sikugusa kitu mpaka yeye alipomaliza tende yake.

Kijana mwenzangu, Ijumaa hii jiulize: kujinyima kwako kunamnyima nani?

Tusali: Ee Yesu, uliyeketi mezani na kila mtu, utufundishe kufunga bila kumfungia mwenzetu mlango. Amina.