Nani Mwenyeji, Nani Mgeni?

Liko neno lisikikalo sana katika bonde la Rufiji: "wakuja". Mkulima aliyekuta mahindi yake yameliwa na ng'ombe hulitamka kwa uchungu, na uchungu wake ni wa haki. Lakini yatupasa kujiuliza: je, mtu huhama kwa sababu ya rangi au kabila lake?

Tukumbuke Ngarambe. Mwaka 1905 njia za kijiji hicho zilijaa watu wa makabila mengi waliomwendea Kinjikitile Ngwale kupokea maji. Katika wageni hao ulizaliwa umoja wa Vita vya Maji Maji.

Wakati wa Waingereza tofauti ilikuwa ya rangi. Mzungu alihama jimbo hata jimbo kwa kufuata cheo au shamba lake. Kijana wa Kigoma au wa Songea alipelekwa kwenye mkonge wa Tanga kwa mkataba, akahesabiwa kwa namba. Ndiyo asili ya jina "manamba". Je, alipenda kutangatanga? La hasha! Alitafuta fedha ya kodi. Rangi haikumpa mtu tabia ya kuhama. Iliamua tu nani achague na nani asukumwe.

Uhuru uliondoa ubaguzi huo katika sheria, lakini kusukumwa hakukwisha. Baada ya mafuriko ya 1968, Warufiji walihamishwa mwaka 1969 kutoka bondeni kwenda vijiji vya nchi ya juu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji, Wasukuma na Wabarbaig miongoni mwao, waliondolewa Usangu kwa amri ya serikali, wakaelekezwa Lindi na Pwani. Basi hao wagombanao leo kando ya mto wana historia moja: huyu na yule wamepata kuhamishwa.

Hatusemi haya ili kumtetea alishaye ng'ombe wake shambani mwa mwenziwe. Na alipe. Ila ahukumiwe mtu kwa tendo lake, si kabila zima kwa jina lake. Naye atoaye amri ya kuhamisha ana deni mara mbili: kwa yule aondokaye, na kwa yule ampokeaye, ambaye ni haki yake kuulizwa kabla mifugo haijafika.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno jema; lakini jembe bila ardhi iliyopimwa ni mwanzo wa ugomvi. Kwanza mpaka, kisha jembe.