Mahali pa Kulia Mjini Songea

Swali la mahali pa kula katika mji mgeni huulizwa kwa wepesi na mtu mwenye njaa, lakini ndani yake mna swali zito zaidi, nalo ni nani anaruhusiwa kuketi na nani, na ni nani katika mji huo anayeheshimiwa kwa kazi ya kuwalisha wengine. Katika miji mikubwa ya India jambo hilo lilikuwa la haki kabla ya kuwa la ladha, kwa sababu mfumo wa kasta, yaani matabaka ambayo mtu huzaliwa ndani yake, uliwakataza wengi kula chakula kilichopikwa au kuguswa na watu wa tabaka lililohesabiwa kuwa la chini. Mikahawa iliyofunguliwa Mumbai na wahamiaji kutoka Iran ilipendwa, pamoja na chai na mikate yake, kwa kuwa watu wa dini na matabaka mbalimbali waliweza kukaa humo pamoja. Katiba ya nchi hiyo iliyoanza kutumika mwaka 1950 iliitaja mikahawa kwa jina katika ibara ya 15, ikaiweka pamoja na maduka na hoteli miongoni mwa mahali ambapo raia hazuiwi kuingia kwa ajili ya dini, asili, kasta, jinsia au mahali alipozaliwa. Katiba inayofika hadi mlangoni pa mgahawa inastahili kusomwa kwa makini na kila anayedhani kwamba kula nje ya nyumbani ni jambo dogo.

Tanganyika haikuwa na kasta, lakini hoteli bora za miji yake wakati wa ukoloni zilijengwa kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika aliyeingia humo aliingia kama mpishi, dobi au mhudumu. Songea ina sababu yake ya pekee ya kukumbuka uhusiano wa chakula na utu. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vilizimwa katika nchi ya Wangoni, yaani eneo la Songea, kwa bunduki na pia kwa njaa iliyokusudiwa, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya nafaka, na waliokufa kwa kukosa chakula walizidi waliouawa vitani. Mji uliobeba jina la Nduna (yaani kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano, aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1906, leo ni makao makuu ya mkoa ambao mahindi yake hulisha mikoa mingine, na kila msimu wa mavuno wakulima hupanga foleni ya magunia kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, chombo cha serikali kinachonunua na kutunza nafaka ya akiba. Mkulima anayesubiri zamu ya mizani, pengine kwa siku kadhaa, hana budi kula mjini, na kwa kawaida hula kwa mama lishe.

Mama lishe, ambaye wengine humwita mama ntilie, ni mwanamke anayepika chakula cha kila siku na kukiuza sokoni, stendi, karibu na gereji au kando ya jengo linalojengwa, akiwa na mabenchi mawili matatu, turubai la kivuli na ndoo yenye koki ya kunawia mikono. Alfajiri huandaa chai, chapati, maandazi, mihogo au supu. Mchana huwa na ugali, wali, maharage, nyama ya mchuzi, dagaa, na mboga za majani kama matembele na kisamvu. Chapati na chai ya maziwa yenye viungo ni urithi wa Bahari ya Hindi, uliofika bara pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi na watu wa pwani, na sasa hakuna anayeuona kuwa wa kigeni. Kwenye benchi hilo dereva wa lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka huketi bega kwa bega na karani wa halmashauri, kijana wa bodaboda na mwanafunzi, wote wakila kutoka sufuria moja. Asiye na fedha siku hiyo, akiwa mteja anayejulikana, huandikwa kwenye daftari na kulipa apatapo, na mwenye njaa kubwa kuliko mfuko wake huongezewa mchuzi bila kuulizwa. Mumbai ina utaratibu wake wa kusifika, ambao tangu mwishoni mwa karne ya 19 umewawezesha wachukuzi waitwao dabbawala kupeleka maofisini chakula kilichopikwa majumbani. Lakini mlo huo humfikia mtu mmoja mezani kwake, ilhali mlo wa mama lishe huwakusanya watu ambao wasingekutana mahali pengine popote.

Pamoja na hayo, heshima anayopata mwanamke huyu ni ndogo mno ikilinganishwa na anayotoa. Mwaka 1983, nchi ikiwa katika dhiki ya uchumi, Sheria ya Nguvu Kazi ilitungwa ili kila mtu awe na kazi inayotambuliwa, na katika utekelezaji wake wachuuzi wadogo wa mijini walisumbuliwa kana kwamba kupika na kuuza si kazi. Vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, vilivyoanza kutolewa Desemba 2018, vilimpa mchuuzi karatasi ya kuonyesha, nalo lilikuwa jambo jema, ila karatasi haileti bomba la maji wala mfereji wa maji machafu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na mama lishe wametajwa mara nyingi kuwa walengwa. Hata hivyo mtungi mdogo wa gesi unaofaa kuchemshia chai hautoshi kwa sufuria kubwa la maharage linalotokota saa kadhaa, na mtungi mkubwa unahitaji fedha nyingi kwa mkupuo, wakati mkaa hununuliwa kwa kopo, kulingana na mauzo ya jana. Anayepanga mji angepaswa kuanzia kwenye hesabu hiyo.

Kuna pia suala la kinachopikwa. Mgeni anayefika Songea mwezi Februari kwa kumbukizi ya mashujaa wa Maji Maji, kwenye makumbusho yaliyo eneo la Mahenge mjini humo, akilala katika hoteli ya ghorofa huletewa orodha ya chipsi, kuku na wali ambayo angeikuta Dodoma au Mwanza bila tofauti, ingawa sehemu ya Ziwa Nyasa iko ndani ya mkoa huohuo na samaki aina ya mbasa pamoja na dagaa wa ziwa hilo hupandishwa kutoka Mbamba Bay kwa barabara ya lami. Kwa mama lishe wa Soko Kuu dagaa hao wapo, wameungwa kwa nyanya au karanga, pamoja na ugali wa mahindi yaliyolimwa na watu wanaoula. Mgeni huyo angepaswa kuelekezwa huko kwanza, na halmashauri ingepaswa kujenga hapo paa imara, maji na choo kabla ya kumbukizi ijayo.