Urithi wa Binti

Sisi tunaoabudu kando ya ziwa hili tumezoea kusema, "Ndiyo mila yetu," na neno likaishia hapo. Lakini binti za Selofehadi walipodai urithi wa baba yao, Musa hakuwajibu kwa mila. Aliwapelekea shauri lao mbele za Bwana, naye Bwana akawapa haki.

Mwaka 1990 shauri la namna hiyo liliamuliwa na Mahakama Kuu, Mwanza. Mwanamke wa Kihaya aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Ndugu wa ukoo akapinga: kwa mila, mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya akampa haki mwanamke, kwa kuwa mwaka 1984 Bunge lilikuwa limeingiza haki za binadamu katika Katiba, na Katiba iko juu ya mila.

Bunge hutunga, mahakama hupima. Lakini katika kikao cha ukoo, baada ya matanga, hakuna jaji, tupo sisi. Je, tungoje kushtakiwa ndipo tutende haki? Binti zetu tunasali nao kila Jumapili. Tuwape sehemu yao kabla hawajaidai.