Kwa Mjukuu Anayetaka Kusomwa

Mjukuu wangu, uliniuliza kwa nini siku hizi sikusifu unapoandika kwenye magrupu ya simu. Nakujibu kwa maandishi, kwa sababu pale kijiweni Lizaboni honi za bodaboda zingenikatiza kabla sijafika ninapotaka kufika.

Kutaka kusikika si dhambi. Ujana wetu nao ulikuwa na kiu hiyo. Tulikuwa na kadi za salamu: unainunua dukani, unajaza jina lako na majina ya unaowasalimu, unaitia posta iende Redio Tanzania Dar es Salaam, safari ya kutoka huku kwetu kupita Njombe, Iringa na Morogoro, kisha unangoja. Siku jina linaposomwa, nyumba nzima inaitana. Wengine walijipachika majina ya mbwembwe ili mtangazaji akiyatamka nchi iyashike, na kweli nchi iliyashika. Nilifurahi pamoja nao. Ila kadi ile ilikuwa na nafasi ya majina tu. Mtu aliweza kutajwa mwaka mzima, tusijue hata mara moja anawaza nini.

Hilo ndilo ninalokuhofia wewe.

Ulipoandika habari za lumbesa ulianza na mama yako. Ukaeleza gunia la mahindi linavyoshindiliwa hadi mdomoni, likashonewa kipande cha gunia jingine juu yake, likajazwa tena, na mnunuzi akalipa bei ya gunia moja, ilhali Wakala wa Vipimo hawachoki kutangaza kwamba gunia lisizidi kilo 100. Ukaandika mama alivyoitazama ile sindano ya magunia ikipanda na kushuka, huku moyoni anapiga hesabu ya sare za mdogo wako, asiseme neno. Nimeinakili habari hiyo kwenye daftari langu. Grupuni walikujibu wachache, na mmoja akalalamika kuwa ni ndefu. Baadaye ukatupa mistari miwili ya kumkejeli diwani, vidole gumba vikamiminika. Tangu hapo sijasoma tena kitu kama lumbesa. Nasoma mistari miwili kila asubuhi, na kila siku lazima iwe mikali kuliko ya jana, kwani aliyezoea pilipili ya jana leo haimwashi.

Nataka umfikirie Shaaban Robert. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na mashairi yake yalikuwa yakitoka magazetini, kwa hiyo usidhani aliukimbia umma. Lakini kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 alikuwa pia akimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Msomaji mmoja tu. Hapakuwa na wa kupiga makofi. Yusuf alizitunza barua zile, na mwaka 2002, miaka 40 baada ya mwandishi kufariki, zikatolewa kuwa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi naamini mtu aliyezoea kumwambia ndugu mmoja ukweli wake kwa utulivu hapungukiwi na la kusema anaposimama mbele ya wengi.

Basi uwe na mahali pako. Daftari litatosha, hata ukurasa wa simu wenye jina lako kamili ni sawa, mradi maneno yakae pale mazima na wewe uwe tayari kuyajibia. Andika hapo kwanza, uyalaze usiku mmoja, asubuhi uyasome kwa sauti. Ukiona aibu kumsomea mama yako, yafute.

Grupuni nenda, sikukatazi. Mtu akiuliza mbolea ya ruzuku imefika wapi, jibu lako la mstari mmoja linamwokolea nauli. Akifiwa, mpe pole. Ila usiende kwa ajili ya kuonekana umefika. Na kwenye habari za ajali, vifo na wizi, usishindane kuwa wa kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja, kwa anayesambaza uongo kwa nia ya kupotosha au kuchafua watu. Hata sheria isingekuwapo, mzazi anayejua kifo cha mwanawe kupitia simu ya jirani hasahau nani aliyeituma habari ile.

Sasa rudi kwenye lumbesa, maana hukuimaliza. Hukusema mama alilipwa shilingi ngapi, wala kile kipande cha juu kilibeba madebe mangapi, wala kama yule mnunuzi amerudi tena mwaka huu. Muulize mama jioni akiwa ametulia. Usimrekodi kwa simu. Msikilize, kisha ukaandike. Ikifika kurasa kumi usiikate kwa sababu ya yule aliyesema ni ndefu. Niletee, nitaisoma yote.