Kibali cha Kuchekesha

Je, ni halali kuwachekesha watu kwa jambo linaloua? Sisi tuliokulia penye utani hatulioni swali hili kuwa geni. Matangani mtani huingia, akamwiga marehemu, akadai mali yake, na wafiwa wakacheka machozi yangali yakiwatoka. Wala hapana amshtakiye. Lakini mtani ana kibali alichorithi. Mchoraji wa barabarani amepewa na nani?

Namfikiria Chéri Samba wa Kinshasa. Alizaliwa mwaka 1956, akaingia mjini mwaka 1972 na kufanya kazi kwa mafundi wa mabango, hata mwaka 1975 akafungua karakana yake mwenyewe. Alichora pia hadithi za katuni, na mtindo wa katuni akauhamishia kwenye picha kubwa: aliandika maneno juu yake, kwa Kifaransa na kwa Kilingala. Aliona kuwa mpita njia huitupia picha jicho moja akaenda zake, ila penye maandishi hana budi asimame asome. (Mwalimu mwenye darasa la makelele ataielewa hila hiyo.) Basi akachora rushwa, uzinzi na taabu za mjini, na mwaka 1988, wakati wengi walipoutaja UKIMWI kwa kunong'ona, akachora maandamano ya kuunga mkono kampeni dhidi yake.

Kibali chake, kwa maoni yangu, ni kwamba mara nyingi hujitia mwenyewe pichani. Sura yake imo, tena imo kwa majivuno ya kuchekesha. Angejiweka kando, ningeiita kazi hiyo dhihaka.

Hata hivyo lipo linalonitia shaka. Mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho yaitwayo Magiciens de la Terre, na sifa zake zikaenea ng'ambo. Picha iliyomfanya mtu wa Kinshasa ajitambue, mgeni akiitazama humcheka nani? Wako wasemao kosa si la mchoraji. Mimi sikubali upesi hivyo, maana utani huhitaji pande mbili zijuanazo. Nadhani naye aliliona hilo. Mwaka 1997 alijichora pamoja na Picasso, vinyago vya Kiafrika vikiwa mbele yao, akauliza sanaa yetu ina mustakabali gani. Safari hiyo waliotiwa ndani ya kicheko ni wenye majumba ya makumbusho.